Sanduku la kukalia la mvuvi wa ufito: mwongozo kamili wa kuchagua lisiloyumba

Mashindano ya uvuvi wa maji baridi nchini Uingereza huanza kwa kura. Unatumbukiza mkono kwenye mfuko wa kura, unatoa namba, na namba hiyo ndiyo kigingi chako, yaani mahali pako pa kuvulia, kwa saa tano hivi zijazo. Huhami. Ukikuta mteremko, tope, mawe makubwa au jukwaa la mbao lenye nyufa, hapo ndipo pako. Chambo, ndoana, wavu, mishipi ya akiba na kitambaa cha kufutia mikono viwe mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka, maana kila unapoinuka boya lako halina mwangalizi, na jirani wa kigingi cha pili anaendelea kutoa samaki.

Kwa kazi hiyo wavuvi wa huko hukalia sanduku maalumu. Juu lina mto wa kukalia, katikati lina droo, chini lina fremu ya chuma chepesi yenye miguu inayorefushwa na kufupishwa, na mbele lina kikanyagio cha kuwekea nyayo. Zamani wengi walikalia vikapu vilivyosukwa kwa vijiti, kisha yakaja masanduku ya mbao na ya faibaglasi. Leo kuna ya kila namna na kila bei, na Waswahili walioko Uingereza wanaoanza uvuvi huu huuliza mara nyingi lipi linafaa. Wanunuzi wengi huanza kwa kuhesabu droo. Mimi nasema anza chini, kwenye miguu na fremu, na ukipanda juu usikubali kupunguza kitu huko chini ili upate droo moja zaidi.

Kwa nini kuyumba kidogo ni kuyumba kwingi

Ufito wa mashindano ni mrija wa kaboni wa vipande vinavyoingizana. Urefu wa kawaida ni mita 13, na kwenye maji mapana wavuvi huongeza hadi mita 14.5 au 16. Hauna rili, yaani kigurudumu cha kuviringia mshipi. Mshipi umefungwa kwenye lastiki inayopita ndani ya vipande vya ncha, na mvuvi huushika ufito wenyewe kutwa nzima, kitako chake kikiwa kimebanwa chini ya mkono na uzito ukiwa umelala juu ya paja. Kwa hiyo paja ni sehemu ya chombo cha kuvulia, na paja hilo limekaa juu ya sanduku.

Sasa fanya hesabu. Sanduku likiinama digrii moja tu, ncha ya ufito wa mita 13 inapanda au kushuka sentimita 23 hivi. Mguu mmoja ukizama milimita 2 kwenye tope, na miguu ikiwa imeachana sentimita 40, ncha inasogea sentimita 6 na nusu. Boya la ufito huwekewa risasi, yaani vizito vidogo vya mshipi, mpaka antena yake, ile ncha ya juu, ibaki juu ya maji kwa milimita chache tu, na dalili ya samaki ni antena hiyo kuzama au kuinuka kidogo. Bila shaka mikono yako itasahihisha kila mtikisiko, lakini itafanya hivyo mara elfu kwa siku, na ifikapo saa ya nne mabega na kiuno vitakuwa vimechoka kwa kazi ambayo sanduku zuri lingekufanyia.

Hatua ya kwanza: jua utakaa wapi

Usinunue sanduku kabla ya kujua maji yako. Mifereji ya zamani ya mashua za mizigo, kama Leeds and Liverpool Canal, ina njia ngumu na bapa kando ya maji, lakini ni nyembamba na ina wapita njia na baiskeli. Hapo unahitaji sanduku fupi la nyuma hadi mbele na miguu inayoweza kushuka chini kabisa. Mabwawa ya kulipia yaliyojaa samaki aina ya karpi, mfano wa Tunnel Barn Farm kule Warwickshire, yana majukwaa madogo ya mbao. Pima jukwaa la bwawa unaloliendea mara nyingi, kisha pima sanduku likiwa na kikanyagio kimevutwa nje. Miguu ya mbele ikining'inia hewani, hakuna droo itakayokusaidia.

Mito mikubwa ni habari nyingine. Kingo za Severn na Trent zina sehemu zenye mteremko mkali na mawe yasiyolingana, ambapo miguu ya mbele inaweza kuhitaji urefu mara mbili ya ile ya nyuma. Na kwenye ziwa kama Lough Erne, Ireland ya Kaskazini, ukingo ni wa maji mafupi, na wavuvi wengi husimamisha masanduku yao ndani ya maji yenyewe. Anayevua mito na maziwa ya namna hii anunue sanduku ambalo mtengenezaji wake anauza miguu mirefu ya ziada. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: miguu

Unene wa miguu hutajwa kwa milimita, na vipimo utakavyovikuta zaidi ni 25, 30 na 36. Tofauti kati yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Mrija ukiwa na unene uleule wa ukuta, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Kwa hiyo mguu wa milimita 36 unakaribia kuwa mgumu mara tatu kuliko wa 25, na ugumu wa 30 ni karibu mara moja na robo tatu ya ule wa 25. Miguu ikiwa imefupishwa hutaona tofauti hiyo sana. Irefushe kwa ajili ya mteremko, ndipo miguu myembamba inapoanza kutetemeka.

Ushauri wangu uko wazi. Ikiwa wewe ni mtu mzito, au unavua mito, au unatumia ufito wa mita 14 na zaidi, nunua 36. Ikiwa unavua mabwawa yenye majukwaa pekee na hubebi mbali, 30 inatosha sana. Miguu ya 25 ni ya mtoto, ya mtu mwepesi, au ya anayelazimika kutembea mwendo mrefu hadi kwenye maji na kwa hiyo anahesabu kila kilo.

Tazama pia umbo. Miguu mingi ni ya duara, lakini miguu ya kampuni ya Rive ya Ufaransa ina upande mmoja bapa, kama herufi D, ili vifaa vinavyobanwa juu yake visizunguke. Ni ubunifu mzuri, ila jua kwamba baadhi ya vifaa vya watengenezaji wengine havitakaa vizuri juu ya umbo hilo.

Kisha angalia nyayo za miguu. Ziwe pana, na ziwe na kiungo kinachoziwezesha kuinama zifuate ardhi. Kwenye tope, wayo mdogo unazama siku nzima polepole, na hilo ni baya kuliko kuzama mara moja, kwa sababu hujui ni lini sanduku limeacha kuwa sawa. Kwenye mbao zilizolowa, wayo wenye mpira chini hautelezi.

Hatua ya tatu: fremu na vibano

Hapa ndipo masanduku ya bei ya chini yanapoanguka, na ndipo muuzaji asipopenda uangalie sana. Mguu huingia kwenye fremu kupitia kibano, na kibano kina kipande cha plastiki ndani na skrubu ya kukazwa kwa mkono. Shika mguu mmoja kwa nguvu, utikise kushoto na kulia huku skrubu imekazwa. Ukisikia mlio mdogo wa kugonga, ujue una nafasi ndani yake, na nafasi hiyo itazidi kadiri plastiki inavyolika.

Skrubu zenyewe ziwe kubwa kiasi cha kushikika na mkono wenye baridi, maji na utelezi wa samaki. Mashindano ya Februari yapo, na vidole vilivyokufa ganzi haviwezi skrubu ndogo. Kaza na ulegeze kila moja mara kadhaa: uzi wake uingie bila kukwaruza, na ukazaji wake ufike mwisho bila kutumia koleo.

Fremu ya alumini ndiyo ya kawaida kwa masanduku ya fremu, na ni chaguo sahihi, kwa kuwa ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma cha kawaida. Chunguza pembe zake. Pembe zilizochomelewa ziwe na uchomeleaji uliojaa, usio na matundu. Pembe zilizofungwa kwa bolti ziwe na bolti unazoweza kuzifikia, ili siku moja ukazikaze mwenyewe. Yale masanduku ya plastiki tupu yasiyo na fremu, ambayo hupatikana kwa chini ya pauni 100, yanafaa kwa mtoto anayeanza au kwa anayevua kwa fimbo fupi mara mojamoja. Kwa ufito hayafai, hata ukiyafungia miguu.

Soma pia uzito ambao mtengenezaji anasema sanduku linaweza kubeba. Jumlisha mwili wako, nguo za baridi, mabuti, na vyote vitakavyokuwa ndani ya droo. Acha nafasi ya kutosha juu ya jumla hiyo, kwa sababu mvuvi hakai tuli kama gunia: anageuka nyuma kuchomoa vipande vya ufito ili kumsogeza samaki karibu, anainama mbele kuchukua samaki kwa wavu, na kila anapofanya hivyo uzito wake wote hulalia upande mmoja.

Hatua ya nne: kikanyagio

Kikanyagio kiwe sehemu ya fremu, kisiwe kipande kinachosimama peke yake. Unapomvuta karpi wa kilo 5 na zaidi, nyayo ndizo zinazosukuma. Kikanyagio kilichotengana na sanduku kitakwenda mbele na sanduku litakwenda nyuma. Kwenye sanduku zuri la fremu huteleza nje kama droo kisha hufungwa kwa skrubu, na huwa na miguu yake miwili ya mbele. Hiyo pamoja na minne ya sanduku inafanya sita, mpangilio unaotosha kwa karibu kila ukingo.

Simama juu ya kikanyagio kwa miguu miwili, kisha kwa mguu mmoja pembeni. Kisipinde. Uso wake uwe na mikwaruzo au vitundu vya kuzuia utelezi, na upana wake utoshe mabuti yako ya baridi yakiwa yameachana kwa upana wa mabega.

Hatua ya tano: kimo cha kukalia

Watu hununua sanduku imara kabisa kisha wanaumwa mgongo, na sababu mara nyingi ni hii. Vaa mabuti utakayovulia, kaa kwenye kiti kigumu, na umwombe mtu akupimie kutoka chini ya soli hadi kwenye upande wa chini wa goti, nyuma. Kipimo hicho ndicho umbali unaotakiwa kati ya kikanyagio na uso wa mto ukiwa umekaliwa. Ukikaa, mapaja yawe sambamba na ardhi na magoti yapinde kwa pembe mraba.

Kiti kikiwa juu mno, mapaja yanashuka kuelekea mbele na ufito unateleza kuelekea majini, hivyo unaushika kwa nguvu za mikono mfululizo. Kikiwa chini mno, magoti yanapanda, kiuno kinajikunja, na baada ya saa mbili miguu inakufa ganzi. Kati ya makosa hayo mawili, afadhali juu kidogo kuliko chini, maana kikanyagio kwenye baadhi ya masanduku kinaweza kuinuliwa lakini kiti kilicho chini hakirefuki bila kununua trei nyingine.

Na hapa ndipo droo zinapoingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza. Masanduku mengi ya kisasa hujengwa kwa tabaka: trei nyembamba, droo ya kina, droo ya pembeni, zikipangwa moja juu ya nyingine kwa klipu. Kila tabaka unaloongeza linakupandisha. Basi jua kimo chako kwanza, kisha ujaze kimo hicho kwa tabaka zinazokufaa, wala usinunue tabaka ukatumaini miguu itazoea.

Hatua ya sita: droo

Mishipi iliyokwisha kufungwa boya, risasi na ndoana huviringwa kwenye vibao vya plastiki, na vibao hivyo huja kwa urefu wa sentimita 13, 18 na 26 hasa. Nenda dukani na kibao kimoja cha urefu unaoutumia, ukiingize kwenye trei. Kikiingia kwa kulazimishwa, trei hiyo si yako.

Droo za mbele au za pembeni ni bora kuliko sanduku linalofunguliwa kwa kuinua kiti, kwa sababu unazifungua ukiwa umekaa, ufito ukiwa bado pajani. Droo moja ya kina kwa lastiki, risasi na mkasi, na trei mbili au tatu za mishipi, ndivyo vinavyohitajika. Zaidi ya hapo unabeba uzito.

Hatua ya saba: jaribio la dukani

Usinunue kwa picha kama duka la vifaa vya uvuvi liko karibu nawe. Omba sanduku lishushwe sakafuni, miguu irefushwe hadi nusu, na kiwango chake kipimwe kwa pimamaji. Bonyeza pembe nne moja baada ya nyingine kwa kiganja. Kaa. Sukuma kikanyagio kwa nyayo kana kwamba unavuta samaki. Kisha omba ufito. Muuzaji wa vifaa vya mashindano hatashangaa, kwa kuwa wateja wake hufanya hivyo kila wiki. Ushike ukiwa umeunganishwa kwa urefu wote ikiwa nafasi ipo, vinginevyo vipande vichache, na ugeuke nyuma kulia na kushoto kama unayechomoa. Kaa robo saa nzima. Mto mwembamba unajionyesha baada ya dakika kumi, si mara tu unapokaa.

Mwisho, likunje na uliinue kwa mpini wake likiwa na vitu ndani. Klipu zinazoshika tabaka pamoja ndizo hukatika kwanza kwenye masanduku dhaifu, na hukatika wakati wa kubeba.

Watengenezaji utakaokutana nao ni wengi: Preston Innovations na Matrix wa Uingereza, Rive wa Ufaransa, Milo na Colmic wa Italia. Yale ya 36, kama Absolute 36 ya Preston na S36 ya Matrix, ni mfano wa daraja ninalolisema. Jina lisikuamulie. Swali la maana zaidi ni kama vipuri vya sanduku hilo, yaani vibano, plastiki za ndani na skrubu, vinauzwa kimoja kimoja.

Vifaa vinavyoning'inizwa

Trei ya pembeni ya chambo, mikono ya kushikilia wavu wa kuhifadhia samaki, bomba la mbele la kuegemeza ufito: vyote hubanwa kwenye miguu, na lazima vilingane na kipenyo chake. Kifaa cha 36 kinaweza kukaa kwenye mguu wa 30 au 25 kwa kutumia pete ya plastiki ya kupunguzia. Kifaa cha 25 hakiwezi kupanda kwenye mguu wa 36. Mwenye vifaa vya zamani afikirie hilo mapema, maana kubadilisha vyote kunaweza kugharimu pesa nyingi.

Trei iliyojaa mabuu, mahindi na chambo cha unga ni nzito, na inauvuta mguu mmoja pembeni kutwa. Chagua yenye mguu wake wa kuiegemeza upande wa nje. Mwavuli nao nauweka mbali na sanduku kwa mti wake ardhini, hata kama mkono wa kuufungia kwenye fremu unauzwa, kwa kuwa upepo ukiushika, tanga hilo litatikisa kila kitu ulichohangaika kukituliza.

Kulibeba

Sanduku la 36 likiwa tupu linaweza kukaribia au kupita kilo 15, na bado hujaweka mishipi, nyavu, chambo na mfuko wa fito. Toroli ni sehemu ya bei ya sanduku, si anasa. Magurudumu mawili ya nyuma yanatosha kwa njia ngumu. Kwa mashamba yenye tope, chagua matairi mapana yasiyotoboka. Pima buti la gari kabla ya kununua, na upime pia mgongo wako: ni heri kutoa droo na kupakia mara mbili kuliko kuinua lote kwa mkupuo.

Kulisimamisha kigingini

Kabla ya yote tazama juu. Kaboni hupitisha umeme, na ufito wa mita 13 ukigusa au kukaribia nyaya za umeme unaua. Waingereza hushauri kukaa angalau mita 30 kutoka nyaya hizo, na ufito usibebwe ukiwa umeunganishwa unapotembea. Radi ikianza, ufito unawekwa chini na mvuvi anaondoka majini, mashindano yawe yamefikia wapi.

Baada ya hapo, weka sanduku mahali pake huku miguu ya nyuma ikiwa mifupi. Rekebisha miguu ya mbele mpaka pimamaji litulie, kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Usikaze bado moja kwa moja. Panda juu ya kikanyagio, kanyaga kwa uzito wako wote pembe kwa pembe ili nyayo zizame sasa kadiri zitakavyozama, kisha pima tena na ukaze. Kwenye tope laini rudia mara ya pili. Ndipo ufunge trei na mikono ya nyavu, na mwisho roli ya nyuma inayopokea ufito unapourudisha. Roli iwe kwenye mstari mmoja na paja lako, ili usilazimike kujipinda kila mara.

Ukinunua lililotumika

Kwa bajeti ndogo, sanduku la fremu nene lililotumika lina thamani kuliko jipya la fremu nyembamba. Peleka pimamaji na mfuko wako wa vibao. Chomoa kila mguu wote utoke: uliopinda hata kidogo utakwama katikati. Tazama ndani ya vibano kama plastiki imepasuka. Kagua uchomeleaji wa pembe za chini, kwa sababu ndizo zinazopokea uzito wa mtu anayegeuka. Droo zilizochakaa, mto uliochanika na klipu zilizolegea zisikutishe, kwani vyote hivyo hubadilishwa. Fremu iliyopinda iache hapo hapo hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Likiwa lako, lisafishe kila baada ya kuvua. Mchanga ndio adui wa miguu inayotoka na kuingia. Isuuze kwa maji safi, ikauke ikiwa imerefushwa, na usiipake grisi, kwa sababu grisi hushika mchanga. Usilifungie garini likiwa na mabuu kwenye droo wakati wa kiangazi. Kabla ya msimu wa uvuvi wa mitoni wa England na Wales kufunguliwa, tarehe 16 Juni, zungusha kila skrubu, kaza kila bolti, na uagize plastiki mpya za vibano wakati bado duka halijajaa watu.